Aliyeamua Hakutia Saini

Mimi nimo katika ripoti nyingi za maendeleo zilizoandikwa kuhusu Mushaki. Usitafute jina langu, hutalikuta. Nimo ndani ya asilimia. Palipoandikwa kwamba wanawake walikuwa asilimia 30 ya kamati, kipande cha hiyo 30 ni mimi. Palipoandikwa kwamba wadau wa elimu walishirikishwa, wadau wenyewe ni mimi na mkuu wangu wa shule, naye aliondoka kabla soda hazijafunguliwa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mwandiko wangu unasomeka, Kifaransa changu kinatosha kuandika muhtasari wa mkutano, na Kihunde na Kinyarwanda navijua kiasi cha kumsikia kila anayesimama kusema. Basi mkutano ukiitishwa, chifu alikuwa akituma mtoto: "Kamwambie mama mwalimu aje na kalamu yake."

Kwa asiyepajua, Mushaki uko katika teritwari ya Masisi, usultani wa Bahunde, Kivu Kaskazini, Kongo. Ukitoka Goma unapita Sake, kisha barabara inaanza kupanda, baridi inakushika masikio, na unaona malisho yamefunika vilima mpaka macho yachoke. Maziwa ya kwetu hushuka Goma kwenye bidoni zilizofungwa nyuma ya pikipiki. Jibini lile la duara ambalo watu wa Kinshasa huliita jibini la Goma, ng'ombe wake wengi wanalala Masisi. Barabara hiyohiyo ndiyo inayobeba koltani ya Rubaya, na ndiyo inayobeba vita. Desemba 2007 jeshi la serikali liliutwaa Mushaki kutoka kwa waasi wa Laurent Nkunda, na baada ya siku chache likaupoteza tena. Mwishoni mwa Februari 2023 waliingia wapiganaji wa M23, na Desemba mwaka huohuo wakaingia mara nyingine. Anayetaka Sake lazima kwanza apite juu kwetu.

Nimeyasema hayo mapema ili msomaji ajue ni mahali gani ninapozungumzia ninapouliza swali hili ambalo wataalamu hulijadili hotelini: mtu atajuaje kama wananchi wameshirikishwa kweli katika kupanga maendeleo yao? Kipimo chake ni kipi?

Kipimo ninachokijua ni karatasi yenye safu. Jina, jinsia, umri, kazi, kijiji, simu, saini. Asiyejua kuandika huweka dole gumba. Mwisho wa siku mwenye mradi hujumlisha: wanaume wangapi, wanawake wangapi, vijana wangapi, walemavu wangapi, Wambuti wangapi. Hesabu ikitimia, picha inapigwa, nauli inagawiwa, na katika ripoti ya miezi mitatu kisanduku cha ushiriki kinapata alama. Sikatai kwamba karatasi hiyo ina faida. Bila yake watu wa vijiji vya juu wangesahauliwa kabisa, na mimi mwenyewe huenda nisingeitwa, maana kwetu zamani mkutano wa mambo makubwa ulikuwa wa wazee wa kiume na pombe yao. Lakini kwa miaka yote niliyokaa nimeshika kalamu, nimeona kwamba karatasi ile ina upungufu usiotibika kwa kuongeza safu: aliyeamua hayumo.

Chukua suala la ardhi. Ukikaa Mushaki ukawauliza watu kwa sauti ya chini, baada ya mkutano, wanataka nini, wengi watakuambia wanataka mahali pa kulima. Vilima vile vya kijani vinavyopendeza kwenye picha, sehemu kubwa ni konsesioni za watu wanaoishi Goma, Kinshasa, na mbali zaidi. Mkulima anakodi kipande, analima maharage na viazi msimu mmoja, na msimu unaofuata ng'ombe wanarudishwa. Mwenye konsesioni sijawahi kumwona kwenye mkutano wa mpango wa maendeleo. Haji, na hana haja ya kuja. Ana namba ya simu ya mtu anayetakiwa kupigiwa. Kwenye takwimu za ushiriki yeye ni sifuri, na mama anayekodi kwake kipande cha shamba ni moja. Ukizisoma takwimu hizo bila kuujua mlima, utadhani mama yule ndiye mwenye nguvu.

Historia yetu yote iko hivyo. Sera kubwa kuliko zote zilizowahi kuigusa Masisi ni ile ya Wabelgiji kuleta familia kutoka Rwanda na kuzipa makazi huku, kati ya 1937 na 1955. Wenyewe waliiita misheni ya uhamiaji, na waliihesabu kuwa maendeleo: mikono ya kazi kwa mashamba ya wazungu, nafuu kwa Rwanda iliyojaa watu. Wenyeji hawakuulizwa kwa namna yoyote ambayo mtu mzima angeiita kuulizwa, na waliohamishwa nao hawakuulizwa. Kisha ikaja sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyosema ardhi yote ni ya dola. Ibara yake ya 389 iliahidi kwamba haki za jamii kwenye ardhi wanazoishi zitapangwa na amri ya rais. Miaka ilipita, makumi, amri haikutoka. Mwenye fedha na mwenye rafiki ofisini akaenda kuchukua cheti. Wajukuu wa wale ambao hawakuulizwa, pande zote mbili, ndio ambao leo wanakalishwa kwenye benchi moja la kanisa na kuambiwa wachague kati ya bomba la maji na choo cha shule.

Ushiriki ulipataje kuwa kitu cha kuhesabiwa? Nadhani jibu ni fedha. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zilianza kuzitaka nchi maskini ziandike mkakati wa kupunguza umaskini, na sharti likawa kwamba mkakati uandikwe kwa kuwashirikisha wananchi. Kongo iliandika wake mwaka 2006. Mashauriano yalifanyika, ripoti zikaeleza jinsi yalivyofanyika, na Julai 2010 nchi ikasamehewa madeni ya zaidi ya dola bilioni 12. Msamaha ulikuwa na masharti mengine mengi, sitaki kudanganya. Lakini tangu hapo kila mwenye mradi anajua kwamba ushiriki una bei, na kitu chenye bei kinahitaji risiti. Karatasi ya mahudhurio ni risiti.

Baada yake zimekuja karatasi nyingine. Mpango wa maendeleo wa teritwari 145, ambao serikali iliupangia dola bilioni 1.66, ulitangazwa kuwa ni maendeleo yanayoanzia chini. Sehemu yake ya kwanza ilikuwa ileile kwa teritwari zote: shule, vituo vya afya, majengo ya utawala. Mimi ni mwalimu, siwezi kukataa shule. Ila ukiona watu wa Masisi wenye maziwa, watu wa Kwilu wenye mihogo na watu wa mwambao wa Tanganyika wenye samaki wameomba vitu vilevile kwa idadi inayokaribiana, jua hawakuomba wao.

Na tazama hali tuliyokuwa nayo sisi wenyewe. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu serikali za mitaa inasema usultani uwe na baraza la wajumbe waliochaguliwa na wananchi. Chini ya katiba ya 2006 wajumbe hao hawajachaguliwa hata mara moja. Mei 2021 ikaja hali ya dharura ya kijeshi: gavana mwanajeshi, wasimamizi wa teritwari wanajeshi na polisi, bunge la mkoa likakaa pembeni. Tarehe 20 Desemba 2023, Wakongo wengine walipopanga foleni kupiga kura, Masisi na Rutshuru hatukupiga, kwa sababu ya vita. Katika miaka hiyohiyo, niliendelea kuitwa kuandika mikutano, na mikutano iliendelea kutoa asilimia nzuri. Nchi ambayo mtu hawezi kumchagua diwani wake inawezaje kupata alama ya juu ya ushiriki katika mradi wa vyoo? Inaweza, kwa sababu ni vitu viwili tofauti vinavyopimwa, na kimoja ni rahisi sana kukipata.

Wapo waliojaribu kupima vizuri zaidi, na wasomaji wa Kivu huenda wanaukumbuka mpango wenyewe. Uliitwa Tuungane. Ulianza 2007 kwa fedha za serikali ya Uingereza, ukaendeshwa na mashirika ya IRC na CARE. Vijiji vilivyochunguzwa vilikuwa Kivu Kusini, Maniema na Katanga ya zamani, si kwetu, lakini utaratibu wake ungeutambua popote: kijiji kinachagua kamati, kamati inapata mafunzo, wananchi wanachagua mradi, fedha zinakuja. Vijiji zaidi ya elfu moja viliingia. Cha pekee ni kwamba vijiji vilipatikana kwa bahati nasibu ya hadharani, kwa hiyo kulikuwa na vijiji vilivyoingia na vijiji vilivyobaki nje ambavyo mtu angeweza kuvilinganisha.

Watafiti waliopewa kazi ya kupima, Macartan Humphreys na wenzake wawili, Raúl Sánchez de la Sierra na Peter van der Windt, hawakuishia kwenye kuhesabu waliohudhuria. Walikwenda katika vijiji 560, nusu vilivyopitia Tuungane na nusu ambavyo havikupitia, wakavipa kila kimoja dola 1,000 na masharti machache sana. Kisha wakakaa kutazama. Nani ataitisha mkutano? Nani atachaguliwa kushika fedha? Wanawake watasema? Fedha zitafika? Kama miaka ile ya mafunzo na kamati ilikuwa imewafundisha watu kuamua pamoja, ingeonekana hapo.

Haikuonekana. Ripoti yao ya 2012 ilisema vijiji vya aina zote mbili vilifanya karibu sawasawa. Madarasa yalijengwa, watu walifurahi, lakini namna ya kuamua mambo haikubadilika. Hata sharti la nusu ya kamati kuwa wanawake lilijaribiwa. Vijiji vingine viliwekewa, vingine vikaachwa huru, na mitazamo kuhusu wanawake haikutofautiana. Nilipoelezwa hilo nilicheka peke yangu, kwa sababu mimi ni mwanamke wa sharti la aina hiyohiyo. Nilikaa kwenye viti vya mbele miaka na miaka, na mume wa jirani yangu hakubadilika kwa lolote.

Wengine walisoma matokeo yale wakasema ushiriki ni upuuzi, pelekeni saruji tu. Mimi nasoma tofauti. Kitu kilichonishangaza ni kwamba vijiji ambavyo havikufundishwa chochote navyo viliitisha mikutano na kugawa dola zao 1,000 bila aibu kubwa. Watu walikuwa wanajua kuamua tangu zamani. Walichokosa ni kitu cha maana cha kuamua. Darasa la bati ni kitu kizuri, lakini kijiji hakibadiliki kwa kuruhusiwa kuchagua rangi ya darasa huku barabara, ardhi, kodi za vizuizini na usalama vikiamuliwa na watu ambao hawatakuja kamwe kwenye mkutano.

Mfano mmoja tu kuhusu fedha. Kanuni ya Madini ya 2018 inasema mrabaha wa madini ugawanywe, na asilimia 15 iende kwa usultani au sekta yenye mgodi. Eneo letu limekaa jirani na Rubaya, ambako Umoja wa Mataifa unasema hutoka karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia. Hebu fikiria mkutano ambao ajenda yake ingekuwa hiyo. Ni kiasi gani, kiko wapi, tukifanyie nini? Mkutano kama huo sikuwahi kuitwa kuuandika. Waandaaji waliotuita walikuja na ajenda iliyokwisha kukatwa kwa kipimo cha mfuko wao, na sisi tukashirikishwa ndani ya mfuko.

Wakenya wamelifikisha jambo hili mahakamani, na ninawaonea wivu. Katiba yao ya 2010 inalazimisha ushirikishwaji wa umma. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ilibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, na miongoni mwa sababu ni kwamba vifungu viliingizwa baada ya wananchi kumaliza kutoa maoni, na kwamba Bunge lilipaswa kueleza kwa nini lilikubali maoni fulani na kuyakataa mengine. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu ile, na sheria ikarudi. Kwa hiyo si hadithi ya ushindi. Lakini ona walivyouliza. Hawakubishana juu ya idadi ya waliojaa ukumbini. Waliuliza: tulisema hivi, mkafanya nini nayo? Na vijana ambao hawakusubiri mahakama walikuwa wameshaingia barabarani Juni 2024, mpaka rais akauondoa muswada wa mwaka ule. Kwetu barabarani kuna watu wengine, wenye silaha, kwa hiyo mfano huo wa pili siupendekezi kwa mtu.

Nirudi kwenye daftari langu. Mbali na muhtasari rasmi, ule wa Kifaransa unaokwenda ofisini, nilikuwa na tabia ya kuandika kurasa za nyuma kwa Kiswahili: fulani kasema nini, nani alimjibu, baadaye kimetokea nini. Ni tabia ya ualimu, huwezi kuona swali la mtoto limeachwa hewani. Kurasa zile zilikuwa zinachosha. Barabara na madaraja, barabara na madaraja, tena barabara. Wafugaji na wakulima, ambao hawakubaliani hata juu ya mvua, walikubaliana juu ya barabara, kwa sababu maziwa yanaganda na viazi vinaoza kwenye matope yaleyale. Kwenye safu ya kilichotokea niliandika: mafunzo. Semina ya usimamizi wa migogoro. Vyoo. Mafunzo.

Lakini ukurasa mmoja naukumbuka. Kulikuwa na mradi wa maji, na fundi alikuwa ameshachora mahali pa bomba la kijiji, kando ya barabara, chini ya kilima walipokaa askari. Mama mmoja alifika akiwa amechelewa, bidoni tupu mkononi, maana mkutano ulianza saa tatu na saa tatu ndiyo saa ambayo wenye maziwa wako njiani. Hakukaa. Akasema kutoka mlangoni kwamba hatamtuma binti yake jioni kuchota maji pale, na hakuna mama atakayemtuma wa kwake, kwa hiyo bomba hilo litakuwa la askari. Ukumbi ukanyamaza. Mwenye mradi akataka kupita, fundi akamwambia ngoja. Wiki hiyo bomba likasogezwa hadi karibu na kituo cha afya.

Katika mikutano yote niliyoiandika, huo ndio ushiriki ninaoweza kuuonyesha kwa kidole. Mtu alisema, jambo likabadilika, na aliyekuwa na uwezo wa kulibadilisha alikuwa chumbani akisikia. Mama yule hakuandikwa popote. Karatasi ya mahudhurio ilikuwa imeshajaa na kukunjwa, nauli hakupata. Ripoti ilisema wanawake walishiriki kwa asilimia inayotakiwa, ikiwahesabu wale waliokuwa wamekaa kimya.

Hicho ndicho kipimo ninachokitetea. Kabla ya mkutano, mpango uandikwe ulivyo: fedha kiasi gani, zimeshatiwa saini au bado, nini kinaweza kubadilika na nini hakibadiliki tena. Baada ya mkutano, uandikwe tena. Tofauti kati ya karatasi hizo mbili ndiyo ushiriki. Kama hakuna tofauti, iandikwe sifuri, hata kama ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Na pale watu walipokataliwa, aandikwe aliyekataa na sababu yake, kwa cheo chake, ili siku moja karatasi iwe na jina la aliyeamua. Kazi hii asipewe mwenye mradi. Wale wa Tuungane walipata majibu machungu kwa sababu waliopima hawakuwa waliojenga. Kwetu anayejenga ndiye anayepima, na kila mwaka anajikuta amefaulu.

Najua wataniambia nini. Kwanza, kwamba nikipima mabadiliko, waandaaji wataacha makusudi makosa madogo ili wananchi wayarekebishe na alama ipatikane. Ni kweli, watafanya hivyo, nawafahamu. Dawa yake ni kuangalia ukubwa wa kilichobadilika katika fedha. Kusogeza ubao wa matangazo si sawa na kusogeza bajeti.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa majirani zangu wenyewe. "Watu" wa Mushaki ni nani? Mfugaji akisikilizwa mkulima anaweza kupoteza. Wahunde na Wahutu na Watutsi wamekaa kwenye vilima hivi wakiwa na kumbukumbu tofauti za siku zilezile. Mkutano uliojaa watu wa jamii moja unaweza kuubadilisha mpango, ukapata alama ya juu kabisa kwa kipimo changu, na ukawa mwanzo wa nyumba kuchomwa. Mkoa wetu uliwahi kuwa na Barza ya jamii zote, wazee wakikaa pamoja kusuluhisha, na hata hiyo ilivunjika pale wanasiasa walipoona faida kuivunja. Sina jibu safi. Ninalojua ni kwamba kuhesabu vichwa hakuyaondoi hayo, kunayafunika tu, na kwamba karatasi inayosema nani alitaka nini na nani alikataliwa inaweza angalau kuonyesha mapema ni jamii ipi kila mara inarudi nyumbani mikono mitupu.

La tatu ni la hofu. Mahali panapobadilisha mikono, orodha ya majina na namba za simu si kitu cha kuchezea. Mimi Februari 2023 nilipokimbia, kitu cha mwisho nilichokifanya nyumbani kilikuwa kuchana orodha za mahudhurio nilizobaki nazo na kuzitia jikoni. Daftari nikabeba, kwa sababu kurasa zangu za nyuma hazikuwa na majina, niliandika tu "mama wa maziwa", "mzee wa kilima cha juu". Wenye mashirika huhifadhi orodha zile kama uthibitisho kwa wafadhili. Wamewahi kujiuliza ni uthibitisho kwa nani mwingine? Mtu anayekaa kimya mkutanini si lazima awe hajui kitu. Pengine amepiga hesabu ya nani atakuwa chifu mwezi ujao. Na kuna mahudhurio ambayo hayana uhusiano wowote na hiari. Waliokua enzi za Mobutu wanaikumbuka salongo, kazi ya pamoja ambayo kutokwenda kulikuwa kosa. Kwa kuhesabu vichwa, salongo ilikuwa na ushiriki wa asilimia mia. Hapa ninapokaa sasa imerudi, kila Jumamosi, na sitaongeza neno.

Kipimo changu kinaweza kufanya kazi bila jina la mwananchi hata mmoja. Majina yanayohitajika ni ya wenye uamuzi, na hao wana walinzi.

Kambini Bulengo, nje ya Goma, tulikoishi chini ya maturubai kama nusu ya Masisi, watu wa uchunguzi wa mahitaji walikuwa wakija kwa zamu. Kijana mmoja alinijia na tableti yake, mpole, mtoto wa watu. Nilimuuliza kabla hajaanza: fedha za mradi huu zimeshatiwa saini? Akasema ndiyo, zamani, ni sufuria na ndoo. Nikamuuliza basi majibu yangu ni ya nini. Akasema anahitaji kaya kadhaa kwa siku ndipo alipwe. Hilo nililielewa, walimu wa Kongo tunajua kulipwa kwa kuhesabiwa. Nikamjibu maswali yake yote, nikaongeza kwamba tunahitaji ardhi, barabara na kurudi nyumbani, mambo ambayo hayakuwa na kisanduku chake, akayatia kwenye mengineyo. Swali la mwisho lilikuwa kama nimeridhika na nilivyoshirikishwa, kuanzia moja hadi tano. Nikasema mbili. Akanitazama kwa huruma, akaeleza kwamba akiweka mbili tableti inafungua ukurasa mwingine wa maswali na jua limeshazama. Tukaafikiana tatu.